Tope la mto likifika baharini: linapunguza hewa ukaa au linaongeza?

Siku hizi hakuna kikao kinachoisha bila neno kaboni kutajwa. Tunaambiwa miti inanyonya hewa ukaa na udongo unaitunza, na ni kweli. Ila bahari tunaisahau, wakati ndiyo inayomeza karibu robo ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Sasa kuna swali nimeulizwa zaidi ya mara moja: kama tope letu linaenda kurutubisha bahari, na bahari inanyonya hewa ukaa, si basi mmomonyoko una faida yake?

Hapana. Lakini tuone kwa nini, maana mambo yenyewe yanavutia.

Chukua mto Amazon, kule Amerika Kusini. Unamwaga baharini mita za ujazo 200,000 hivi kila sekunde, karibu moja ya tano ya maji yote ya mito yanayoingia baharini duniani. Maji yasiyo na chumvi ni mepesi, kwa hiyo hayazami. Yanaelea juu ya bahari kama mafuta kwenye mchuzi na kusambaa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka mdomoni mwa mto.

Pale mdomoni penyewe hali si nzuri. Maji ni tope tupu, mwanga wa jua haupenyi, na majani na uozo ulioletwa na mto vinaendelea kuoza na kutoa hewa ukaa. Hapo mto unaongeza, haupunguzi. Ukienda mbele, tope linatuama, maji yanang'aa, mwanga unaingia na virutubisho bado vipo. Ndipo vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinapozaliana kwa wingi. Vinatumia hewa ukaa iliyoyeyuka kwenye maji kujitengenezea chakula, kama mahindi yako yanavyotumia ile ya angani. Ikipungua ndani ya maji, bahari inavuta nyingine kutoka hewani.

Mkulima mzoefu ataniuliza: na naitrojeni je? Swali zuri sana. Ile iliyoletwa na mto huisha mapema. Kinachobaki ni fosforasi, pamoja na silika, ileile inayofanya majani ya mpunga yakwaruze ngozi. Hapo vinatokea vijimea vinavyoitwa diatomu, na baadhi yake vina bakteria wanaoishi ndani yao na kutengeneza naitrojeni kutoka kwenye hewa. Ni sawasawa na vinundu kwenye mizizi ya kunde na maharage! Yaani bahari nayo ina kunde zake, na hakuna aliyeipelekea mfuko hata mmoja wa UREA. Diatomu hujijengea ganda la silika, kama kioo, kwa hiyo zikifa ni nzito na zinazama. Zikifika kilindini, kaboni iliyomo inaweza kukaa huko mamia ya miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba maji ya Amazon yanasaidia kuzamisha takribani tani milioni 27 za kaboni kwa mwaka.

Sasa linganisha na Mississippi, Marekani. Mto huu unapita katikati ya mashamba makubwa ya mahindi na soya, na unabeba naitrojeni nyingi iliyotoka kwenye mbolea. Vijimea vinaota kwa fujo, na ni kweli vinanyonya hewa ukaa. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya bahari pale si kilindi. Vinazama karibu tu, vinaoza, na kuoza kunakula oksijeni nyingi ya chini na kurudisha hewa ukaa kwenye maji yaleyale, yanazidi kuwa na tindikali. Dhoruba ikikoroga maji, sehemu ya kaboni inarudi juu. Samaki wanakimbia, visivyoweza kukimbia vinakufa. Kila kiangazi linatokea eneo la namna hiyo. Mwaka 2017 lilifikia karibu kilomita za mraba 22,700. Mkulima alilipia mbolea, mvuvi akapata hasara.

Kwa hiyo si wingi wa rutuba unaoamua. Ni aina gani imefika, na kina kilichopo chini yake.

Wasomaji wa Kigoma msidhani haya ni ya mbali. Malagarasi inaingia Ziwa Tanganyika. Maji mengi ya ziwa huishia hewani kwa joto la jua, lakini yanayotoka hupitia mto Lukuga hadi Kongo, kisha Atlantiki. Kwenye mdomo wa Kongo kuna korongo kubwa chini ya bahari, na mwaka 2020 tope lilishuka humo zaidi ya kilomita 1,100 likakata nyaya za mawasiliano njiani. Kaboni ya udongo na majani inakwenda nalo kilindini.

Ila udongo wa shamba lako hauna tiketi ya kilindini. Mwingi unaishia kwenye mfereji, bwawa la kijiji au bonde la jirani. Kwenye mteremko, chimba makinga maji kabla ya mvua, panda majani ya tembo kwenye kingo, na mbolea ya kukuzia igawe mara mbili. Fukia kila shimo, wala usiirushe juu siku mawingu yamefunga.