KUNG'ARISHA VYUMA VYA PIKIPIKI HATA VIWE KAMA KIOO

Pikipiki ni mali. Kwa watu wengi katika Kenya, mjini na shambani, ndiyo iletayo unga nyumbani na karo ya watoto shuleni. Basi si ajabu kwamba mwenye pikipiki hupenda kuiona iking'aa, wala si upuzi. Kwa maana abiria hupenda kupanda chombo kilichotunzwa, na siku ya kukiuza, mnunuzi hutazama kwanza kwa macho. Lakini kazi hii ikifanywa bila maarifa yaweza kuharibu kitu cha fedha nyingi kwa nusu saa tu, na ziko sehemu ambazo zikiguswa mtu aweza kupoteza maisha yake njiani. Kwa hiyo twaeleza hapa jinsi kazi hii ifanywavyo, pamoja na sababu zake.

MNG'AO HUTOKA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba mng'ao hutoka katika dawa ya kopo, kana kwamba ni rangi ipakwayo juu ya chuma. Sivyo. Mng'ao umo katika chuma chenyewe. Chuma kilichofifia kimejaa mikwaruzo midogo midogo, mfano wa shamba lililolimwa matuta. Nuru ikiangukia hapo hutawanyika huku na huku. Matuta hayo yakisawazishwa, nuru hurudi kwa utaratibu, na mtazamaji huuona uso wake. Ili uso uonekane wazi, mikwaruzo iliyobaki lazima iwe midogo kuliko wimbi la nuru, ambalo urefu wake ni karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mara mia au zaidi kuliko hapo.

Basi, kung'arisha ni kukwaruza kwa taratibu. Kila hatua huondoa mikwaruzo ya hatua iliyotangulia na kuacha iliyo midogo zaidi, mpaka jicho lisiweze kuiona. Ule weusi uonekanao kitambaani si uchafu, bali ni chembe za chuma chenyewe zilizong'olewa.

TAMBUA CHUMA CHAKO KWANZA

Chukua sumaku, uiguse sehemu unayotaka kuisafisha. Sumaku ikinasa mahali pang'aapo, kama vile usukani au bomba la moshi, aghalabu hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Kromu hiyo ni nyembamba mno. Mara nyingi haifiki sehemu moja ya elfu ya milimita, nayo imelazwa juu ya nikeli. Usiiguse kamwe kwa msasa, maana utaimaliza, na kutu itaingia. Ioshe kwa maji na sabuni. Madoa madogo ya kutu yasugue kwa kipande cha ile karatasi ya alumini ya kufungia chakula, iliyochovywa majini. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi. Lakini mahali ambapo kromu imekwisha kubanduka, hapana dawa ila kupakwa upya na fundi wa kazi hiyo.

Sumaku isiponasa, aghalabu kitu hicho ni alumini, kama vifuniko vya injini vilivyo vingi. Alumini ni laini, na ndiyo ipokeayo mng'ao wa kioo kwa urahisi. Chuma kisichoshika kutu nacho mara nyingi hakinaswi na sumaku, lakini ni kizito na kigumu, na kazi yake ni ndefu zaidi.

Jihadhari na madini ya magnesi, ambayo hutumika kwa vifuniko vya pikipiki fulani za mbio. Ni mepesi kuliko alumini. Kwangua mahali padogo palipofichika, utie tone la siki. Likitoka povu upesi, acha kazi hiyo. Vumbi la magnesi hushika moto mkali sana, na maji huuzidisha badala ya kuuzima.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, ifungue sehemu hiyo kutoka kwenye pikipiki. Ikiwa ni kifuniko cha injini, mwaga mafuta kabla ya kukifungua. Kioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji na sabuni. Vifuniko vingi hutoka kiwandani vikiwa vimepakwa vanishi ngumu isiyo na rangi. Hiyo sharti ibanduliwe kwa dawa ya kutolea rangi, nje penye hewa, mikono ikiwa imevikwa glavu za mpira.

Pili, sugua kwa msasa wa maji. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Penye mikwaruzo mirefu anza na namba 320. Kisha fuata 400, 600, 800, 1000, na mwisho 2000. Tia maji yenye sabuni kidogo. Namba moja ukiisugua kwa urefu, ifuatayo isugue kwa upana. Hivyo utaona mara moja kama mikwaruzo ya kwanza ingaliko, na ikiwapo, usiendelee mbele. Mtu arukaye namba ili kuokoa muda hupata hasara, kwa sababu mikwaruzo aliyoiacha itaonekana wazi zaidi chuma kinapong'aa, naye atalazimika kurudi mwanzo. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, tumia dawa ya kung'arishia. Mwenye umeme aweza kutumia mota yenye gurudumu. Gurudumu la katani, ile ilimwayo Taita, hutangulia kwa dawa kali. Gurudumu la pamba hufuata kwa dawa laini. Rangi za dawa hizo hutofautiana kwa viwanda, kwa hiyo mwulize mwuzaji. Usitie dawa mbili juu ya gurudumu moja. Asiye na umeme asikate tamaa. Kitambaa safi cha pamba na dawa ya kusugulia alumini vyatosha, ila mkono utachoka.

Nne, osha kwa maji ya moto na sabuni, hasa ndani na katika matundu ya skrubu. Dawa hizi zina chembe kali kama mchanga. Zikiingia katika mafuta ya injini, zitaisaga injini yenyewe.

SEHEMU ZISIZOGUSWA

Usitie dawa yo yote ya kung'arishia juu ya diski ya breki wala ndani ya ngoma ya breki. Breki husimamisha pikipiki kwa msuguano, na dawa hizi zina mafuta na nta. Diski iliyopakwa hupendeza macho, lakini siku ya kushika breki ghafula pikipiki haitasimama, na mwendeshaji hufa pamoja na abiria wake. Kadhalika uache msasa mbali na mirija ya shokomzoba za mbele, maana mikwaruzo yake hukata mpira uzuiao mafuta. Na mbali na nyuso za vifuniko zikutanapo na injini, ama mafuta yatavuja.

Gurudumu la mota nalo lina hatari yake, kwa kuwa huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika. Vaa miwani ya kinga na kitu cha kufunika pua na mdomo. Usivae shuka, tai wala mikono mirefu iliyolegea. Kishike kitu chini kidogo ya katikati ya gurudumu, wala usiielekeze ncha yake ya juu kwenye gurudumu, isije ikakamatwa na kurushwa. Vumbi la alumini nalo huweza kuwaka. Lifagie mara kwa mara, wala usilikaribishe penye cheche.

KUUTUNZA MNG'AO

Alumini iachwapo wazi hufifia tena, na upesi zaidi Pwani kwa ajili ya chumvi ya bahari. Paka nta nyembamba, na urudie kila baada ya majuma machache. Usiioshe kwa magadi makali ya kutengenezea sabuni, kwa maana huila alumini. Na ye yote ambaye hajapata kuifanya kazi hii, na aanze na kitu kidogo cha bei ndogo, kama kifuniko kikuukuu kutoka kwa fundi, kabla hajakigusa kifuniko cha pikipiki imlishayo.