Winchi ku gari: mbele, nyuma, ao fasi ingine?

Wengi kati yetu wanamaliza masomo, na kazi ya kwanza yenye wanapata ni ya lojistike: ONG, kampuni ya madini, mradi wa afya mu teritware. Siku moja chefu anakuwekea ku meza proforma mbili za kufunga winchi ku Land Cruiser na anakuomba utie sahihi. Moja inasema mbele, ingine inasema nyuma. Winchi, ile mafundi wengi kwetu wanaita kwa Kifaransa treuil, ni mashine ya kuzungusha kamba ili gari ijivute yenyewe itoke mu potopoto. Mutu anaweza kuwaza kwamba fasi ya kuiweka ni mambo ya fundi peke yake. Hapana. Ukichagua vibaya, siku ya kuvuta mutu anaweza kufa.

Tuanzie ku nguvu. Chukueni Land Cruiser 78, ile ndefu yenye tunaona kila siku ku barabara ya RN3, kutoka Bukavu kwenda Hombo na Walikale. Ikijaa watu na mizigo, inakaribia tani 3. Kanuni yenye mafundi wanafuata ni winchi yenye nguvu mara moja na nusu ya uzito wa gari, maana matope inanyonya na kilima inavuta. Hiyo ni tani 4 na nusu. Njo maana watu wananunua ile ya ratili 12,000, karibu kilo 5,440.

Sasa ile nguvu yote inaenda wapi? Inatoka ku kamba, inapita ku winchi, inapita ku bulo, kisha inaingia mu gari. Kama inaingia mu shasi, ni sawa, shasi imetengenezwa kwa kubeba. Kama inaingia mu pareshoki ya bati yenye fundi amesude haraka haraka, ile pareshoki njo itatoka, na itaruka kufuata kamba. Na munajua vile inakuwaga kwetu gari ikikwama: vijana wenye majembe wako pale, watoto wako pale, mama mwenye kupita na mzigo anasimama kuangalia. Kwa hiyo swali la kwanza si mbele ao nyuma. Ni: bulo zinaingia mu nini? Jibu nzuri ni sahani nzito ya chuma yenye kuunganisha mikono yote miwili ya shasi, ikifungwa na bulo zenye alama 8.8 ao zaidi ku kichwa.

Wengi wanaweka mbele, na wako na sababu. Shofere anaona kazi yake, batri iko karibu, na gari inaweza kusaidia ingine yenye imekwama mbele yake. Lakini mbele inalipisha. Tuseme winchi na pareshoki yake ya chuma inafika kilo 80, na imekaa sentimita 90 mbele ya magurudumu ya mbele, ku gari yenye mita 3 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Hesabu ni ile ya mizani tulisoma mu sekondari: mbele inapata kilo 104, nyuma inapoteza 24. Resori za mbele zitashuka, na pua ya gari itagonga haraka zaidi wakati wa kuingia mu shimo. Ukiiweka juu sana, unafunga upepo wa radiatere. Ukiiweka chini sana, kila mto wenye unavuka unaosha motere yake. Fundi mwenye akili anatafuta fasi katikati ya hizo mbili, na anaisukuma nyuma, karibu na shasi, vile inawezekana.

Nyuma, watu wanaidharau bure. Fikirieni kidogo: gari ikikwama, udongo wenye uko mbele haujulikani, lakini wenye uko nyuma umeupita sasa hivi na ulikubeba. Mara nyingi kutoka ni kurudi. Shida ni umeme. Winchi ya volti 12 ikivuta kwa nguvu yote inakula zaidi ya ampere 400, na waya ndefu kutoka batri mpaka nyuma inapunguza volti njiani. Lazima waya nene sana, na iyo ni bei yenye proforma ya nyuma inasahau kuandika. Uliza.

Kuko pia ile ya kuchomeka: inakaa ku fremu ndogo na inaingia mu tundu la chuma mbele ao nyuma, kama ndoano ya trela. Usiku unaiingiza ndani ya nyumba, wezi wakose. Ila inapita kilo 40, na utaibeba ukiwa mu matope mpaka magoti. Tena ile tundu inapenda kuvutwa moja kwa moja. Ukivuta sana kwa pembeni inaweza kupinda.

Mimi, kama gari zinatembea mbili, ningeweka mbele, ku gari yenye inafuata. Watu wanafanyaga kinyume, wanaipatia ya kwanza. Lakini winchi ya mbele ku gari ya pili njo winchi ya nyuma ya gari ya kwanza: ya kwanza ikizama, ya pili inasimama ku udongo mgumu na inaivuta irudi. Kama gari inatembea yenyewe, na iko watu wawili wenye nguvu ndani, ile ya kuchomeka, na tundu mbele na nyuma, inafaa kuliko zote.

Mbele ya kutia sahihi, shuka uangalie na fundi vitu viwili vyenye vinapita mu macho ya watu. Kamba inapaswa kutoka chini ya ngoma, si juu: kutoka chini nguvu inabaki karibu na bulo, na ku winchi nyingi breki inashika upande mmoja tu. Tena, mukono wa kufungua ambreyaje uwe fasi yenye mutu anafikia bila kuingiza kichwa kati ya kamba na pareshoki. Kama uko umefichwa nyuma ya chuma, rudisha gari ku atelie, wageuze gia ya winchi ao wakate pareshoki upya.