Dhahabu Ndogo Kama Dengu

Wengi wetu tukisikia "sarafu ya dhahabu" hudhani ni kipande kizito cha kujaza kiganja. Napenda kuwaeleza wasomaji habari za sarafu ya Ujerumani ambayo mtu akipiga chafya karibu nayo aweza kuitafuta siku nzima. Ni sehemu ya 32 ya dukati, nayo ilitolewa katika mji wa Nuremberg mnamo mwaka 1700.

Dukati yenyewe ilianza Venice mwaka 1284. Mwaka 1559 sheria ya dola iliyounganisha nchi za Wajerumani iliamuru kila dukati iwe na uzito wa gramu 3.49 hivi, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 986 ziwe dhahabu. Watu wa Nuremberg wakaigawa: nusu, robo, thumni, sehemu ya 16, na mwisho ya 32. Wanafunzi wa hesabu na wagawanye wenyewe 3.49 kwa 32. Wataona kwamba sarafu tisa pamoja hazitimizi gramu moja!

Je, ilinunua nini sokoni? Kwa maoni yangu haikuwa kitu cha soko hata kidogo. Ilikuwa zawadi, hasa ya mwaka mpya au ya ubatizo wa mtoto. Upande mmoja una alama za mji, na wa pili una mwanakondoo mwenye bendera. Katika dukati nzima mwanakondoo huyo amesimama juu ya tufe la dunia, na bendera yake imeandikwa PAX, yaani amani kwa Kilatini. Nchi hizo zilikuwa zimeteketezwa na Vita vya Miaka Thelathini, toka 1618 hata 1648, basi neno hilo halikuwa pambo tu.

Anayekusanya sarafu hizi leo hana budi kuwa macho. Nyingi zilitobolewa ili zivaliwe shingoni, na tundu hupunguza bei sana. Tena, dukati zenye mwaka 1700 ziliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye, hivyo tarehe peke yake si ushahidi. Na mizani ya kawaida haifai: ikikosea gramu 0.02 kwa dukati nzima si neno, lakini kwa hii ndogo kosa hilo ni karibu sehemu ya tano ya uzito wote, na sarafu ya bandia yaweza kupita hapo.