Bunduki ya Thamani Kubwa na Kazi Yake katika Uwanja wa Shabaha

Wasikilizaji askari wa jeshi na polisi, penye kambi na uwanja wa shabaha hapakosi mabishano kuhusu bunduki. Mmoja huisifu ile aliyokabidhiwa siku ya kumaliza mafunzo, mwingine huilaumu, na wa tatu, aliyepata kuona picha za mashindano ya Ulaya, husema kwamba lau angepewa bunduki ya Kijerumani au ya Kiswisi yenye bei ya maelfu ya dola, asingekosa shabaha hata mara moja. Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima, na masajini wengi wanaofundisha kurutu hupenda kuukariri msemo huo. Hata hivyo, katika mashindano ya kimataifa msemo huo una ukweli nusu tu. Huko jembe huchaguliwa, tena kwa uangalifu mkubwa. Mazungumzo ya leo yanaeleza linachaguliwa kwa kipimo gani, na ni mahali gani ambapo fedha huacha kusaidia.

Bunduki zote zinazozungumzwa hapa ni za bolti, yaani mpigaji hutia risasi na kutoa ganda kwa kuvuta na kusukuma bolti kwa mkono wake mwenyewe. Askari aliyezoea bunduki inayojikoki, kama vile Kalashnikov au G3, huenda akaona kuwa huko ni kurudi nyuma miaka mia moja na zaidi. Kwa hakika mpango huo ulikwisha kukomaa katika Mauser ya mwaka 1898, iliyotoka mjini Oberndorf, Ujerumani, na katika Lee-Enfield ya Waingereza, ambayo askari wa King's African Rifles waliibeba hadi Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Lakini sababu ya wapiga shabaha kuing'ang'ania bolti si ngumu kueleweka. Bunduki inayojikoki hutumia sehemu ya nguvu ya risasi kusukuma vyuma vyake nyuma na mbele, na kwa kuwa imekusudiwa kufanya kazi katika matope, vumbi na mvua, huachiwa nafasi kati ya kipande na kipande. Nafasi hiyo ndiyo inayomwokoa askari vitani, na ndiyo hiyo hiyo inayomharibia shabaha. Bolti ikishafungwa hukaa kama komeo la mlango wa chuma. Kuanzia hapo hakitembei kitu ila pini na risasi yenyewe.

Ili kulinganisha bunduki na bunduki ni lazima kuwe na kipimo. Wapiga shabaha hupiga risasi kadhaa mahali pamoja, kisha hupima upana wa kundi la matundu. Digrii moja ya pembe ikigawanywa mara 60 hupatikana dakika moja, nayo kwa umbali wa mita 100 ni upana wa milimita 29 hivi, na kwa mita 300 ni milimita 87. Bunduki ya kivita inayojikoki, yenye risasi za kawaida za jeshi, mara nyingi hutawanya sentimita 10 au zaidi kwa mita 100. Sasa itazamwe karatasi ya mashindano ya kimataifa ya mita 300: duara la alama 10 lina upana wa sentimita 10 tu. Bunduki inayotawanya sentimita 10 kwa mita 100 itatawanya sentimita 30 kwa mita 300, na mwenye kuishika atapoteza alama hata akiwa na mkono usiotikisika kabisa. Kwa mita 50, ambako hupigwa risasi ndogo ya .22, duara la alama 10 lina upana wa milimita 10.4, pungufu ya ukucha wa kidole gumba. Mahali hapo msemo wa jembe unashindwa.

Katika mchezo wa mita 50, jina lililotawala kwa miaka mingi ni Anschütz. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1856 huko Mehlis, katika jimbo la Thuringia, na baada ya Vita Kuu ya Pili kikaanza upya mjini Ulm, kusini mwa Ujerumani. Mpinzani wake mkubwa, Walther, asili yake ni eneo lile lile la Zella-Mehlis, na yeye pia aliishia Ulm. Wa tatu ni Feinwerkbau wa Oberndorf, mji wa Mauser, na walioanzisha kiwanda hicho walikuwa wahandisi waliopata kufanya kazi Mauser. Hivyo basi, ushindani huu wa dunia nzima ni kama ugomvi wa majirani wa mtaa mmoja.

Tofauti kati ya bunduki hizo tatu si ile inayodhaniwa na watu wengi. Zikifungwa katika mashine imara na kulishwa risasi zinazozifaa, zote huweka risasi ndani ya duara la 10, moja baada ya nyingine. Kinachomfanya mpigaji achague hii na kuiacha ile ni namna inavyomkaa mwilini. Kitako hurefushwa na kufupishwa, hupandishwa na kuinamishwa. Kibao cha shavu hurekebishwa ili jicho lifike penye tundu la kulengea bila shingo kukazwa. Uzito huongezwa mbele au nyuma. Traiga zake hufyatuka kwa mguso ambao askari wa kawaida angeuona ni wa hatari, nao ungekuwa wa hatari kweli kwa bunduki ya doria. Katika mchezo wa mikao mitatu, mpigaji yule yule hupiga magoti, hulala kifudifudi na husimama, na kila mkao una vipimo vyake, ambavyo huviandika na kuvirudia kama fundi cherehani na vipimo vya mteja wake.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wapya husahau. Risasi za .22 za mashindano, kama zile za Eley wa Birmingham na Lapua wa Finland, hutengenezwa kwa mafungu, na kila fungu lina namba yake. Mtutu mmoja hulipenda fungu hili na kulikataa lile, ingawa jina la juu ya kasha ni moja na bei ni moja. Kwa hiyo wapigaji wakubwa huchukua bunduki zao hadi kiwandani, huzifunga katika mashine, hujaribu fungu baada ya fungu, kisha hununua maelfu ya risasi za lile lililoshinda. Mtu aliyenunua bunduki ya bei kubwa akaipigia risasi yoyote aliyoikuta dukani amefanya nusu ya kazi na kulipa gharama yote.

Katika mita 300 sifa huwaendea Waswisi, hasa mafundi wa Grünig & Elmiger na wa Bleiker. Mchezo huo ulitolewa katika Michezo ya Olimpiki baada ya mwaka 1972, lakini ungali na mashindano yake ya dunia. Bunduki nyingi za siku hizi katika umbali huo hupiga risasi ya milimita 6 badala ya 7.62 ya jeshi, kwa sababu kishindo chake begani ni kidogo, na mtu anayepiga risasi 60 katika shindano moja hulipa kila kishindo kwa uchovu. Hapa inafaa kutazama sheria kabla ya kutazama bei. Bunduki huru inaruhusiwa kufikia uzito wa kilo 8, na traiga yake haina kikomo cha chini. Bunduki ya kawaida ya mita 300 isizidi kilo 5.5, na traiga yake isifyatuke chini ya gramu 1,500. Kuzishindanisha hizo mbili na kutangaza ipi ni bora ni sawa na kulinganisha lori na baiskeli.

Tena isidhaniwe kwamba Waswisi walifika hapo kwa kununua vitu vya anasa. Nchini Uswisi, askari wa akiba wanaobeba bunduki hutakiwa kila mwaka kupiga shabaha ya lazima kwa bunduki zao za jeshi, na uwanja wa mita 300 ni kitu cha kawaida katika vijiji vyao. Bunduki ya fundi wa Malters, makao ya Grünig & Elmiger, ilichipua juu ya ardhi iliyolimwa na maelfu ya watu wenye bunduki za serikali.

Waingereza walipita njia yao wenyewe. Chama chao cha bunduki kilihamia uwanja wa Bisley mwaka 1890, nako hadi leo watu hupiga umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914, wakilenga kwa tundu tu bila darubini. Zamani walitumia Lee-Enfield. Meno ya bolti yake yako nyuma badala ya mbele kama ya Mauser, hivyo chuma chake hunyumbuka kidogo risasi inapolipuka. Ajabu ni kwamba kwa umbali mrefu kunyumbuka huko kuliweza kusaidia, kwa kuwa risasi iliyotoka polepole ilielekezwa juu zaidi kuliko iliyotoka kwa kasi. Risasi ya 7.62 iliposhika nafasi ya .303, viwanda vya nchi mbalimbali vilibuni bunduki mpya za bolti kwa ajili ya mchezo huo: Omark huko Australia, Musgrave huko Bloemfontein, Afrika Kusini. Katika yadi 1,000 upepo wa wastani huweza kuisogeza risasi zaidi ya mita moja. Hakuna fundi aliyepata kutengeneza mtutu unaosoma bendera.

Kutoka katika jamii hiyo ya wapiga shabaha ilizaliwa bunduki ambayo askari wanapaswa kuifahamu. Malcolm Cooper, Mwingereza aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki katika mikao mitatu mwaka 1984 huko Los Angeles na tena mwaka 1988 huko Seoul, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Accuracy International mjini Portsmouth mwaka 1978. Wakati huo jeshi la Uingereza lilikuwa likitumia L42A1, ambayo kwa asili ni Lee-Enfield iliyogeuzwa ipige 7.62. Katika miaka ya 1980 nafasi yake ilichukuliwa na L96A1 ya kampuni hiyo. Jambo kuu katika bunduki hiyo halikuwa mtutu. Lilikuwa ni kuacha kukilaza chuma katika ubao na badala yake kukifunga katika kiunzi cha alumini, huku pande za nje zikiwa za plastiki. Mbao hunywa unyevu na kuvimba. Ikivimba huusukuma mtutu, na bunduki iliyolenga sawasawa wakati wa kiangazi hupotoka masika. Yeyote aliyetunza bunduki ya mbao katika mvua za ukanda wa maziwa makuu anaijua adha hiyo.

Mwenzake wa Finland ni Sako TRG, ya kiwanda cha Riihimäki, iliyoanza na TRG-21 mwaka 1989. Bolti yake hufunga kwa meno matatu ya mbele na huinuliwa digrii 60 tu badala ya 90 za Mauser, hivyo mkono husafiri safari fupi. Ikilinganishwa na ya Kiingereza, Sako ilianza ikiwa karibu zaidi na bunduki ya uwanjani, kwa kitako kinachorekebishwa na traiga laini; ile ya Portsmouth ilitazama zaidi theluji, matope na mikono isiyo na upole. Zote mbili hushuka chini ya dakika moja ya pembe zikipata risasi nzuri. Lakini zikipelekwa mita 50 au 300 katika mashindano ya kimataifa, zitaachwa nyuma na bunduki za Ulm na za Uswisi, na hiyo si aibu kwao.

Sasa ugeukiwe upande wa mpigaji. Mwaka 2004, kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Athens, Mmarekani Matthew Emmons aligundua kuwa mtu asiyejulikana ameuharibu mtutu wa bunduki yake. Aliazima bunduki ya mpigaji mwenzake, akaenda nayo Athens, akapata alama 599 kati ya 600 katika mkao wa kulala na kutwaa dhahabu. Siku mbili baadaye, katika fainali ya mikao mitatu, alikuwa mbele kwa alama 3 ikisalia risasi moja tu. Aliipiga vizuri, lakini aliipiga kwenye karatasi ya jirani yake. Alihesabiwa sifuri, akaanguka hadi nafasi ya nane, na dhahabu ikamwendea Jia Zhanbo wa China.

Afisa wa michezo mwenye fungu dogo la fedha, anayeombwa kununua bunduki moja ya kifahari kwa ajili ya timu ya kikosi, anaweza kupima mwenyewe. Kwa kikosi kinachoanza, bunduki mbili tatu za .22 zilizokwisha kutumika, za viwanda vilivyotajwa, pamoja na risasi za kutosha mazoezi ya mwaka mzima, zitazaa wapigaji wengi kuliko bunduki moja mpya ya milimita 6 inayofungiwa ghalani kwa kuogopwa bei yake. Uwanja wa mita 50 hujengwa karibu popote penye kingo salama ya udongo. Wa mita 300 huhitaji ardhi, ulinzi na watu wa kuhudumia shabaha.

Tena hesabu ihusishe mtutu. Ule wa .22 hudumu kwa makumi ya maelfu ya risasi, kwa sababu baruti yake ni kidogo na risasi ni ya madini laini ya risasi. Mitutu ya risasi kubwa huliwa na moto mahali pale risasi inapoingia katika mifuo, na baada ya maelfu machache tu usahihi wake huanza kupungua. Ndiyo maana mpigaji makini huwa na daftari ambamo kila risasi huandikwa. Daftari likionyesha kuwa mtutu umechoka, hufunguliwa na kufungwa mwingine juu ya bolti ile ile na kitako kile kile, na hesabu huanza tena kutoka moja.