Pepo na Upepo: Asili na Maana za Neno Moja

Msemaji wa Kiswahili alisikiapo jina la Hewani, kijiji cha Wapokomo kilichoko karibu na Garsen katika sehemu za chini za Mto Tana, huelekea kulichambua mara moja: hewa pamoja na kiambishi -ni cha mahali. Lakini hewa ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mfanano wa sauti peke yake si ushahidi wa asili ya jina la mahali. Tahadhari hiyo yahitajika pia katika kuchunguza neno pepo, yaani kiumbe kisichoonekana kinachosemwa kumpanda mtu. Je, uhusiano wake na upepo ni wa kweli au ni wa bahati tu?

Sarufi yathibitisha kuwa ni wa kweli. Mzizi -pep-, wenye maana ya kuvuma au kupuliza, ni wa kale katika lugha za Kibantu. Kutokana nao Kiswahili kina pepea, pepeta, peperuka, kipepeo na upepo. Wingi wa upepo ni pepo, na hapo upatanisho ndio unaotenga maana: pepo zavuma, lakini pepo amempanda. Vivyo hivyo, apungaye upepo hujiburudisha, bali apungaye pepo ni mganga aliye kazini. Neno kinyamkera nalo hutumika kwa pepo na kwa upepo wa kisulisuli.

Fikra hii si ya Wabantu peke yao. Roho, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina mzizi mmoja na neno la Kiarabu la upepo, rih. Na spiritus ya Kilatini yatokana na kitenzi cha kuvuma na kupumua. Upepo hauonekani, lakini nguvu zake huonekana. Jini, kwa upande wake, latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunika na kuficha, ambao ndio uliozaa janna, bustani ya Akhera. Pepo nayo imezaa Peponi. Hivyo, katika lugha zote mbili, kiumbe kinachoogopwa na makao yanayotamaniwa vimetoka katika mzizi mmoja.

Yafaa kulinganisha na neno la kale la Kiingereza puca, ambalo lina wenzake katika Kiayalandi, Kiwelsh na Kinorse cha kale. Lilikuwa jina la kiumbe mtundu; katika karne ya 14 likatumiwa kwa Shetani mwenyewe; kisha Shakespeare akamrudishia Puck utundu wake katika tamthilia A Midsummer Night's Dream. Neno halikubadilika sana. Kilichobadilika ni hukumu ya watu juu yake.

Pepo amepatwa na hukumu kama hiyo. Katika ngoma za pepo za pwani, pepo huulizwa jina lake na haja yake, hufukiziwa ubani, hupigiwa ngoma yake na kuridhishwa. Si lazima awe adui. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, pepo mchafu hutolewa kwa kukemewa, ingawa mwizi msalabani huahidiwa Peponi katika Biblia hiyo hiyo. Nchi ya Tana ina Wakristo na Waislamu. Neno moja laweza kutamkwa kanisani, msikitini na kwa mganga, kila mahali likiwa na uzito wake.

Kwa hiyo mfasiri amwitaye Puck shetani humtwika uovu asiokuwa nao, na mtunzi wa kamusi aelezaye pepo kwa neno shetani tu huufanya mwisho wa historia ya neno kuwa mwanzo wake. Yapasa kamusi ianze na upepo, ifuate kiumbe kilichopewa jina hilo, na ndipo ionyeshe hukumu ya dini. Bila utaratibu huo, mwanafunzi hataona jinsi pepo mchafu na Peponi vilivyotoka katika pumzi moja.