Dawa Haikuwa Feki: Bomba la Mkono wa Kulia na Mpulizaji wa Shoto

Leo tuongelee kitu ambacho hakiandikwi kwenye lebo ya dawa: mkono wa anayepuliza.

Msimu uliopita kijana mmoja mwenye ekari nne za mahindi alinipigia simu, sauti ya mtu aliyekata tamaa. Viwavijeshi vamizi walikuwa wamemwingilia, akanunua dawa kwa pesa ya mkopo, akapulizia. Upande mmoja wa shamba ukapona vizuri. Upande wa pili viwavi wakaendelea kula kwenye moyo wa mhindi kama vile hakuna kilichopita. "Afisa, nimeuziwa dawa feki," akaniambia. Alishapanga kununua dawa kali zaidi.

Nikamuuliza, dawa ya pande zote mbili ilitoka chupa moja? Ndiyo. Siku moja? Ndiyo. Sasa feki itachaguaje upande? Waliopuliza walikuwa vibarua wawili, kila mmoja ekari mbili, mabomba ya mgongoni ya aina moja (yale wengine mnayaita solo). Nikawaomba wajaze maji safi wanionyeshe walivyofanya.

Wa kwanza akaenda vizuri tu. Wa pili alikuwa mashoto. Fimbo ya kupulizia aliishika mkono wa kushoto, na mpini wa kupampia nao uko kushoto. Kwa hiyo alisimama, akapampu kama mara kumi na tano, akatembea akipuliza mpaka maji yakawa yanadondoka tu, akasimama tena kupampu. Hapo nikaelewa, na mwenye shamba naye akaelewa.

Tatizo liko wapi hasa

Mabomba mengi ya mgongoni yanakuja yamepangwa kwa mtu wa mkono wa kulia: kushoto unapampu, kulia unapuliza. Kazi nzuri inataka presha isiyopanda na kushuka, yaani upampu kidogo kidogo huku unatembea, bila kuacha.

Ukipampu kwa vipindi, mimea ya mwanzo inapata dawa nyingi na ukungu wake unapeperushwa na upepo. Mimea ya mwisho inapata matone makubwa machache, na dawa haisambai. Kiwavi aliyepata dozi ndogo anaweza kupona, na tukirudia hivyo kila msimu tunajitengenezea viwavi sugu.

Wengine wa shoto wanapitisha mkono wa kulia tumboni kwenda kuushika mpini wa kushoto. Mgongo unapinda, na mpira unakatiza mbele ya mwili. Kiungo kikivuja, dawa inadondokea tumboni na mapajani, nguo inalowa, na sumu inapita kwenye ngozi saa nzima bila yeye kujua.

Wapo pia wanaojilazimisha kupuliza kwa kulia. Presha inakaa sawa, lakini shabaha inapungua. Na kiwavi huyu amejificha ndani kwenye moyo wa mmea. Usipolenga pale umemwaga pesa.

Karibu mtu mmoja kati ya kumi ni wa shoto. Ukiajiri vibarua kumi, tegemea kumpata.

Kugeuza bomba liwe la shoto

Habari njema ni kwamba mabomba kadhaa yanageuzika. Angalia chini ya tangi: kama tundu la kuingizia mpini lipo pande zote mbili, bomba lako lina uwezekano mkubwa wa kugeuka. Soma na kile kijitabu chake, usikitupe.

1. Toa presha yote, mwaga kilichobaki mahali salama, osha bomba mara tatu kwa maji safi. Usioshee mtoni wala kisimani. Vaa glavu hata kwa kazi hii.
2. Piga picha kwa simu jinsi mpini ulivyofungwa. Hiyo picha itakuokoa.
3. Chomoa pini, toa mpini, weka pini na washa kwenye sahani zisipotee.
4. Ingiza mpini upande wa kulia, unganisha na fimbo inayosukuma pampu, rudisha washa na pini kama zilivyokuwa.
5. Elekeza mpira upite nyuma au pembeni utokee kushoto, usijikunje na usipite chini ya mpini.
6. Jaza maji safi, pampu, kagua kila kiungo. Kinachovuja kirekebishwe kabla dawa haijaingia.

Kama chumba cha presha kimejengwa upande mmoja na tundu ni moja, usitoboe wala usichomelee. Bomba hilo mpe wa mkono wa kulia. Kwa mashoto, bomba la betri linafaa: halina kupampu, fimbo inashikwa mkono wowote. Ila chaji iwe imejaa kabla ya kuingia shambani.

Siku ya kununua, livae bomba mgongoni palepale dukani. Muuzaji akikuambia bomba ni bomba, mwambie akuonyeshe mpini unavyogeuzwa.

Nozeli na kipimo

Kwa viuadudu tumia nozeli inayotoa koni, maana matone yake yanaingia kwenye majani kutoka pembe nyingi. Ile ya bapa ni nzuri kwa dawa za magugu. Ikiziba, usipulize kwa mdomo! Tumia brashi laini au bua la nyasi.

Halafu kila mpulizaji apimwe kivyake, kwa sababu hatua na mikono inatofautiana. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Jaza bomba maji safi hadi alama, apulizie eneo hilo kwa mwendo wake wa kawaida, kisha pima maji ya kurudisha hadi alama ileile. Ekari moja ina maeneo kama hayo takriban 40. Akitumia lita 2, ekari itataka lita 80, yaani mabomba 5 ya lita 16. Lebo ikisema mililita 200 kwa ekari, gawanya kwa 5: mililita 40 kila bomba. Mwenzake akitumia lita 3, hesabu yake ni nyingine, usimpe kipimo hichohicho.

Kutembea shambani

Wa shoto apulizie mstari ulio kushoto kwake, asipepee fimbo mbele kulia na kushoto halafu atembee ndani ya dawa yake mwenyewe. Anzeni upande ambao upepo unaelekea, mkirudi kuufuata upepo unakotoka, ili kila mstari mpya muingie sehemu ambayo haijapuliziwa. Puliza asubuhi mapema au jioni, viwavi wanapokuwa wametoka kula. Upepo ukiwa mkali, acha.

Ovaroli, glavu, gambuti, miwani na barakoa sahihi ni vya lazima, iwe kulia au kushoto.

Yule kijana tuligeuza bomba lake kwa muda mfupi tu, akarudia zile ekari mbili kwa dawa ileile aliyokuwa nayo. Sitawadanganya: viwavi wadogo walikufa, lakini wale waliokwisha kuwa wakubwa ndani ya moyo wa mmea hawakufa wote, na mavuno ya upande ule yalipungua. Siku zile chache za mwanzo zilikuwa zimeshapotea. Ila hakununua dawa kali, na kibarua wake hakufukuzwa. Msimu huu ndiye anayempulizia shamba lote.

Kwa hiyo kabla hujailaumu dawa wala muuzaji, mpe mpulizaji wako maji safi, kaa pembeni, mwangalie anavyopampu. Dakika kumi zinatosha kukuonyesha pesa yako inaenda wapi.