Kompyuta Mbili Ndani ya Moja

Katika nyumba zetu nyingi kompyuta ni moja: baba huweka humo hesabu za duka, mama picha za familia, nao watoto hutafuta masomo na michezo mtandaoni. Faili moja lenye kirusi laweza kuharibu amana ya wote.

Ipo kinga isiyohitaji kununua kompyuta ya pili. Programu ya VirtualBox, itolewayo bure, huunda kompyuta pepe ndani ya ile yenye Windows. Humo tukaweka mfumo endeshi wa pili, kama Ubuntu, ambao nao ni wa bure. Watoto wautumie huo kuingia mtandaoni. Kwanza tuhifadhi hali yake ingali safi. Ikichafuka, twairejesha kama ilivyokuwa. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 yaweza kuibeba mifumo yote miwili.

Hata hivyo, tusiunganishe mafolda ya mifumo hiyo, maana kirusi chaweza kupitia hapo. Wala ukuta huu haumzuii mtoto kumpa tapeli nywila au picha yake. Kwa hilo, mzazi hana budi kuketi naye na kumfundisha.